Ukitua Mzigo, Nani Aubebe?

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, ndugu wasikilizaji,

Tumeombwa kuzungumza nanyi mnaotunga kanuni na kuzisimamia: wakuu wa shule, wasimamizi wa hospitali, maofisa utumishi, wanasheria wa serikali. Swali ni moja. Mtu anakuja mezani kwako anasema kanuni anaijua, na hana ugomvi nayo kwa wengine, ila yeye dhamiri yake haimruhusu kuifuata. Umwachie? Na ukimwachia, kwa masharti gani?

Kwanza maneno, maana maneno yenyewe yanatupotosha. Kwa Kiswahili, kumwondolea mtu wajibu tunaita kumsamehe: msamaha wa kodi, msamaha wa ada. Neno hilohilo ndilo tunalompa aliyekosa akatubu. Basi mtu wa dhamiri akiomba msamaha, ofisa anamsikia mkosaji anayeomba huruma, na anamjibu kwa huruma. Huruma hupanda na kushuka. Leo amekubaliwa, kesho bosi ameamka vibaya, amekataliwa. Ndiyo maana leo tutasema "ruhusa", kwa maana ile ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu: kitu chenye sharti, kipimo na mpaka.

Neno la pili ni dhamiri, ambalo kwenye barua za maombi huandikwa "dhamira" kila mara. Si kosa la tahajia tu. Dhamira ni kusudio: nimedhamiria kusafiri. Dhamiri ni ile inayomsuta mtu baada ya tendo. Tofauti hii itawasaidia kazini. Mwombaji akieleza anachokitaka, hiyo ni dhamira, ipelekeni kwenye maombi ya kawaida. Akieleza kitakachomsuta, hapo ndipo faili letu linapofunguliwa.

Msimamo wetu ni huu. Kila kanuni yenye maana ni mzigo uliogawanywa. Ukimruhusu mmoja autue, mzigo haupotei, unahamia bega jingine. Kwa hiyo swali la kwanza la haki ni hili: alichokitua anakibeba nani, na huyo aliulizwa? Ukweli wa mwombaji unafuata baadaye. Ruhusa nyingi tulizoziona zikiharibika hazikuharibiwa na waongo. Ziliharibika kwa sababu hakuna aliyeandika jina la mbebaji.

Wakati mwingine mbebaji ni mwombaji mwenyewe, na hapo kazi ni nyepesi. Mwaka 1976 Uingereza iliwaruhusu Masingasinga wanaovaa kilemba kuendesha pikipiki bila helmeti. Kichwa ni chao. Mwaka 1989 ruhusa ya namna hiyo ilipopelekwa kwenye maeneo ya ujenzi, watunga sheria walikumbuka kitu ambacho wengi husahau: je, akiangukiwa na tofali kwa uzembe wa mwenzake? Wakaandika kwamba mzembe atalipia majeraha yale tu ambayo yangempata mwenye kilemba hata kama angekuwa na helmeti. Yaliyozidi ni yake. Ruhusa imetolewa, na gharama yake imeandikiwa mwenyewe, kwenye sheria ileile.

Kuna hoja ya watu makini inayopinga ruhusa zote. Wanasema: kama kanuni ina sababu nzito, isiwe na ruhusa, kama inavumilia ruhusa, basi ifutwe kwa wote, maana haikuhitajika. Hoja tamu, na mara kadhaa ni ya kweli. Nusu ya wafanyakazi wakiomba ruhusa ya kutovaa sare fulani, tatizo ni sare. Lakini hoja hiyo inadhani kila kanuni inahitaji watu wote. Jeshi halihitaji kila kijana. Chanjo haihitaji kila mtoto. Zamu ya usiku haihitaji kila muuguzi. Kanuni za namna hii zinahitaji idadi, na idadi ikishatimia kuna salio. Salio hilo ni mali ya wote, nalo ni dogo. Maadili ya ruhusa, tukiyasema kikazi, ni namna ya kugawa salio hilo bila dhuluma.

Sasa tuje kwenye ukweli wa mwombaji, maana hapo ndipo maofisa wengi hupotelea.

Uingereza ilipoanza kuandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1916, sheria iliweka mlango kwa wenye dhamiri, na watu wapatao 16,000 waliupitia. Mabaraza ya mitaa ndiyo yaliyowasikiliza, na katika vikao hivyo alikuwepo mwakilishi wa jeshi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupata askari. Swali lililopendwa lilikuwa: ungefanya nini kama askari wa Kijerumani angemshambulia dada yako? Liangalieni vizuri swali hilo. Akisema atamtetea, ataambiwa kumbe hupingi vita. Akisema hatamtetea, ataambiwa ni mwongo au hana utu. Swali lisilo na jibu la kumwokoa mkweli halipimi ukweli. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, mabaraza yaliundwa upya, yakaongozwa na majaji, na yule mwakilishi wa jeshi hakurudishwa. Mara hii waliojiandikisha kuwa wapinzani wa vita walikuwa takriban 60,000, na serikali haikuanguka.

Funzo la kwanza basi: anayehitaji jasho la mwombaji asikae kwenye jopo la kumwamua. Meneja wa zamu aliyepungukiwa watu aitwe, atoe takwimu zake, kisha atoke nje.

Funzo la pili ni kuhusu fomu. Sheria ya Marekani ya uandikishaji jeshini ilitaka pingamizi la mwombaji litokane na mafunzo na imani ya kidini. Mwaka 1965, katika kesi ya mkataaji aitwaye Seeger, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema inatosha kama imani hiyo ina nafasi katika maisha ya mtu inayolingana na nafasi ya Mungu kwa mcha Mungu. Miaka mitano baadaye akaja mkataaji mwingine, Welsh, ambaye alipoletewa fomu alishika kalamu akayafuta maneno yanayotaja mafunzo ya dini kabla ya kutia sahihi. Naye alishinda. Kwa hiyo fomu yenu isianze na "dini/dhehebu". Ianze na tendo. Maswali manne yanatosha: ni tendo gani hasa usiloweza kulifanya, kwa nini, ni mambo gani mengine maishani mwako unayoyaacha kwa sababu hiyohiyo, uko tayari kufanya nini badala yake. Swali la tatu ndilo lenye nguvu, maana dhamiri ya kweli huacha alama sehemu nyingi, nyingine zikiwa zimemgharimu mtu kabla hajakutana na kanuni yako.

Kuuliza kundi badala ya tendo kuna hatari nyingine. Tangu mwaka 1987 Finland iliwaondolea Mashahidi wa Yehova utumishi wa lazima wote, wa jeshi na wa kiraia. Mkataaji mwingine aliyegoma vyote alihukumiwa kifungo cha miezi kadhaa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Helsinki ilikataa kumwadhibu mkataaji asiye Shahidi, ikasema huo ni ubaguzi. Bunge likajibuje? Halikuwafungulia mlango wengine. Mwaka 2019 lilifuta ruhusa ya Mashahidi. Waliokaa wakidhani mlango ule ni wao peke yao waliupoteza kwa sababu hiyo hasa.

Funzo la tatu linamhusu bondia wa Marekani, Muhammad Ali. Alikataa kuingia jeshini Aprili 1967, akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Masharti ya ruhusa yalikuwa matatu: apinge vita vya aina yoyote, pingamizi litokane na dini, na awe mkweli. Wizara ya Sheria iliiambia bodi ya rufaa kwamba ameanguka kwenye yote matatu. Bodi ikamnyima, bila kuandika sababu. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, serikali yenyewe ilikuwa imekubali kwamba mawili kati ya hayo hayawezi kusimama. Majaji wakauliza: bodi iliegemea sharti lipi? Hakuna aliyejua. Mwaka 1971, kwa kura 8 kwa 0, hukumu ikatenguliwa. Miaka minne ya mashtaka iliangushwa na sentensi ambayo haikuandikwa. Jopo lenu likikataa ombi, liandike sharti kwa sharti: hili limetimia, hili halikutimia, kwa sababu hii. Nusu ukurasa unatosha.

Hata hivyo, hakuna jopo linaloingia moyoni mwa mtu. Ndiyo maana kipimo bora cha ukweli hakipatikani kwenye mahojiano, kinapatikana kwenye mbadala, yaani kazi anayoifanya badala ya ile aliyoikataa. Anayekwepa kazi hukimbia mbadala wenye uzito uleule. Mwenye dhamiri huukubali, na mara nyingi yeye ndiye huuomba.

Hapa mafakihi wana mfano ambao wengi wenu mnaujua. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hafungi Ramadhani, lakini hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyoiacha. Hiyo ni fidia. Aliyeuvunja mfungo wake kwa kosa kubwa huangukia kafara, na kafara ikifikia kulisha, hulisha maskini sitini kwa siku moja. Fidia inarudisha mzigo mahali pake, kafara inaadhibu. Watunga kanuni wengi wanachanganya vitu hivi viwili. Korea Kusini kwa miongo mingi iliwafunga vijana waliokataa jeshi, kwa kawaida mwaka mmoja na nusu. Juni 2018 Mahakama ya Katiba ilisema kukosekana kwa utumishi mbadala ni kinyume cha katiba, na mwaka 2020 mbadala ukaanza: miezi 36, kazi na malazi ndani ya magereza, wakati askari wa nchi kavu hutumikia miezi 18. Mara mbili, na gerezani. Hiyo ni kafara iliyovishwa nguo za fidia.

Ujerumani Magharibi ilianza mbadala wake mwaka 1961. Mwanzoni kijana alihojiwa ana kwa ana kuhusu dhamiri yake. Baadaye maandishi yakatosha, na muda mrefu kidogo kuliko wa jeshi ukafanya kazi ya kuchuja. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya vijana 100,000 kwa mwaka walihudumu hospitalini na katika nyumba za wazee. Uandikishaji uliposimamishwa mwaka 2011, ikabidi serikali ianzishe haraka huduma ya kujitolea kuziba pengo lililoachwa na wakataaji. Mbadala uliopangwa vizuri hufikia mahali ambapo hakuna anayeukumbuka kama ruhusa.

Urefu wa mbadala usizidi mara moja na nusu ya wajibu wenyewe. Huko Ulaya kamati inayosimamia mkataba wa haki za kijamii imekuwa ikitumia kikomo hicho. Lakini msihesabu saa peke yake. Hesabuni hatari, umbali kutoka nyumbani, usiku, na kama mhusika anaweza kufanya kazi nyingine ya malipo wakati huohuo. Saa arobaini za kupanga faili si sawa na saa arobaini za kuinua wagonjwa.

Hospitali ndiko mambo yanakokuwa magumu kuliko kote, maana anayeubeba mzigo ni mtu mwenye jina, na mwingine amelala kitandani akisubiri.

Anzeni na vitenzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 kuhusu utoaji mimba inampa mtumishi haki ya kutoshiriki katika tiba hiyo. "Kushiriki" ni nini? Wakunga wawili wasimamizi wa zamu walidai kwamba hata kupanga nani amhudumie mgonjwa na kuwasimamia wenzao ni kushiriki. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema hapana: kushiriki ni kutenda kwa mikono yako. Mnaweza kuipenda hukumu hiyo au kuichukia, lakini kesi ilizaliwa na neno moja lisilofafanuliwa. Kanuni yenu itaje matendo mojamoja: kuandaa vifaa, kutoa dawa, kumshika mgonjwa mkono, kupanga zamu, kupokea simu, kusafisha chumba baadaye. Mbele ya kila tendo iandikwe linaachika au haliachiki. Na pale maisha ya mgonjwa yanapokuwa hatarini, yaandikwe yote kwamba hayaachiki. Sheria hiyohiyo ya 1967 haikumwondolea mtu yeyote wajibu wa kuokoa uhai.

Kisha hesabu. Chukueni wodi yenye wauguzi 10 na zamu tatu kwa siku. Wiki ina zamu 21, na kila muuguzi hufanya 5. Mkitaka kila zamu iwe na angalau mmoja asiyekataa tiba hiyo, gawanyeni 21 kwa 5: ni wanne na kidogo, yaani watano. Ongezeni mmoja kwa ajili ya likizo na maradhi. Sita. Wodi hiyo basi inavumilia wakataaji wanne, si zaidi. Wakifika wanane, wawili waliobaki wanafunika zamu 10, na zamu 11 hazina mtu. Hao wawili ndio watakaopigiwa simu usiku wa manane na siku ya mapumziko. Baada ya miezi michache mmoja wao ataandika barua kwamba dhamiri imeanza kumsuta naye. Msishangae, na msiharakishe kumwita mwongo. Kubeba peke yako kitu ambacho wenzako wote wanakiita dhambi kunachosha.

Mkataaji wa tano ndiye mtihani wa kanuni yenu. Aliyetangulia apewe? Hiyo ni kumwonea aliyeajiriwa jana. Bahati nasibu? Dhamiri haipigiwi kura. Wapeane zamu za kukataa? Hakuna anayesutwa Jumatatu na kuamka ametulia Alhamisi. Njia tunayoiona ya haki ni kumhamishia idara nyingine kwa cheo na mshahara uleule, na kutangaza kikomo cha wanne kwenye tangazo la kazi. Kumwambia mtu siku ya usaili ni uungwana. Kumwambia usiku wa zamu ni mtego.

Italia inaonyesha kinachotokea kikomo kisipowekwa. Sheria yao ya mwaka 1978 kuhusu utoaji mimba inampa kila daktari haki ya kukataa na wakati huohuo inaziamuru hospitali zitoe huduma. Kwa miaka mingi madaktari wa magonjwa ya wanawake waliokataa wamekuwa takriban 6 hadi 7 kati ya 10, na ziko hospitali ambazo hazina hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo. Haki ya daktari iliandikwa kwa mtu mmojammoja. Wajibu wa hospitali uliandikwa kwa jumla, bila idadi, na wajibu usio na idadi haumwamshi mtu.

Upande wa chanjo hesabu ni kali zaidi, na mbebaji haonekani kabisa. Mgonjwa mmoja wa surua, kati ya watu wasio na kinga, huambukiza 12 hadi 18, ndiyo maana wataalamu wanataka kinga ifikie takriban asilimia 95. Dozi mbili za chanjo huwakinga watoto 97 hivi kati ya 100. Sasa chukueni shule ya watoto 400. Mnahitaji 380 wenye kinga. Ili 380 wakingike, inabidi 392 wachanjwe. Wanabaki 8. Tuseme 4 kati yao ni watoto ambao daktari amekataza wasichanjwe kwa sababu ya maradhi. Salio la dhamiri katika shule nzima ni watoto 4. Na wakataaji hawajatawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Hutoka kusanyiko moja, mtaa mmoja, hivyo wastani mzuri wa nchi unaweza kuficha shule yenye wakataaji 40. Mzigo wao unawaangukia wale watoto wanne wagonjwa ambao hawana uchaguzi wowote.

Utaratibu wa kukataa nao una kipimo chake. Mwaka 1898 Uingereza, katika sheria ya chanjo ya ndui, ilimtaka mzazi anayekataa awaridhishe mahakimu wawili kwamba ni dhamiri yake inayomzuia, kabla mtoto hajafikisha miezi minne. Vyeti vya ruhusa zaidi ya 200,000 vilitolewa kabla mwaka kwisha, lakini mzazi huyohuyo angekubaliwa kwa hakimu huyu na kufukuzwa kwa yule. Mwaka 1907 wakalegeza: tamko la maandishi likatosha. Kulegeza nako kuna bei. Marekani, majimbo ambako kukataa ni kutia sahihi tu yamekuwa na wakataaji wengi kuliko yale yenye hatua kadhaa, na California ilifuta ruhusa ya imani binafsi mwaka 2015 baada ya mlipuko wa surua ulioanzia kwenye bustani ya burudani ya Disneyland. Kukataa kusiwe rahisi kuliko kutii. Ikiwa kuchanja kunamgharimu mzazi safari mbili kliniki, kukataa kumgharimu safari mbili pia: moja kusikiliza maelezo ya daktari, moja kurudi na fomu, na kila mwaka upya.

Kuna lawama moja ambayo hatuna jibu lake lote. Mwanamke anayemuuguza mama yake usiku kucha anaomba asipangwe zamu za usiku, ananyimwa. Mwenzake anataja dhamiri, anapewa. Kwa nini uchungu wa mmoja uitwe haki na wa mwingine uitwe udhuru? Wanaotetea ruhusa hujibu kwamba wa kwanza anaumia na wa pili anavunjika, kwamba kumlazimisha mtu kutenda anachokiona ni uovu kunamharibu mahali ambapo uchovu haufiki. Jibu hilo lina uzito, ila yule anayeuguza mama naye anaweza kusema kumwacha mama peke yake ndiyo uovu wenyewe, na hapo amekuwa mtu wa dhamiri. Kikazi tunashauri maombi yote mawili yapite kwenye jopo lilelile, yachote kwenye salio lilelile.

Mwisho, yule aliyesikilizwa kwa haki, akakataliwa kwa maandishi, na bado hatendi. Atakuwepo. Adhabu yake ipangwe mapema, iwe na kikomo, itolewe mara moja. Massachusetts, jimbo la Marekani, ilimtoza mtu aitwaye Jacobson dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui, na mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaridhia sheria hiyo. Hakuna aliyemshika mkono kwa nguvu akamchoma sindano. Kinyume chake ni wale Waingereza wa Vita ya Kwanza waliofungwa kwa kukataa amri, wakamaliza kifungo, wakarudishwa jeshini, wakapewa amri ileile, wakafungwa tena. Mwaka 2007 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba kumwadhibu upya mtu kwa uamuzi uleule wa dhamiri kunaweza kuwa kumwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Kwa hiyo kwenye kanuni zenu, chini ya kifungu cha adhabu, ongezeni mstari unaosema kukataa kulekule kwa mtu yuleyule kunahesabika kosa moja, hata amri irudiwe mara ngapi.

Tunapokea maswali.